Uvimbe wa Kinywa na Kisu cha Tabibu Katika Mwambao wa Ujiji

Wasafiri wawili Waingereza waliofika Ujiji mwezi wa Februari 1858, Richard Burton na John Hanning Speke, wanakumbukwa katika vitabu vya tarikhi kwa ajili ya ziwa walilolitafuta na kwa ugomvi uliowatenga baadaye. Lakini katika habari walizoziandika wenyewe mna jambo ambalo wasomaji wengi hulipita upesi, nalo ni kwamba wote wawili, katika miezi michache waliyokaa mwambaoni, walifungwa vinywa na maradhi. Speke ndiye aliyetangulia. Mwezi wa Machi alivuka ziwa kwa mtumbwi kwenda Kasenge kwa Sheikh Hamed bin Sulayyim, ili amwombe jahazi lake kwa safari ya kaskazini, na njiani akapiga kambi katika kisiwa cha Kivira. Usiku ikaja tufani iliyolitikisa hema, na alipowasha mshumaa apange tena vyombo vyake, wadudu wadogo weusi wenye mabawa magumu wakalijaa hema lote, juu na chini, hata akachoka kuwapangusa, akalala nao. Mmoja wao akaingia sikioni mwake, akaanza kuchimba.

Speke alijaribu kumtoa kwa siagi iliyoyeyushwa, na iliposhindikana akachukua kisu chake cha mfukoni, akachokoa kwa ncha. Mdudu alikufa, lakini sikio lilijeruhiwa, na jeraha likatunga usaha. Uso ukapinda upande mmoja, tezi zikavimba, majipu yakafuatana mpaka begani, na kwa siku kadhaa hakuweza kufunua kinywa wala kutafuna, chakula chake kikawa mchuzi mtupu. Uvimbe ule ulitoboa tundu kati ya sikio na pua, hata akipenga kamasi sikio lilipiga mluzi uliosikiwa na waliokuwa karibu. Na baada ya miezi sita au saba vipande vya mdudu yule vilikuwa bado vikitoka pamoja na nta. Burton naye, walipokwenda pamoja Uvira mwezi wa Aprili kutafuta mto ambao watu walisema unaingia au unatoka ziwani, aliota vidonda vya ulimi vikali hivi kwamba kusema kulimshinda, na mtu aliyekuwa hodari wa lugha nyingi kuliko wenziwe wote akawa hana hata moja awezayo kuitamka.

Habari hizi nimezitanguliza kwa kuwa ni miongoni mwa habari za kale zilizoandikwa juu ya maradhi ya taya na kinywa katika mwambao huu, wala si kwa kudhani kwamba wenyeji hawakuugua vivyo hivyo kabla ya wageni hao na baada yao. Katika mkasa wa Speke, zaidi ya hayo, linaonekana waziwazi jambo ambalo lilitawala tarikhi yote ya upasuaji wa kinywa tokea zama za kale hata zetu: kisu kilikuwapo siku zote, na watu wenye mkono imara wa kukitumia walikuwapo, lakini elimu adhimu, iliyo ngumu kuliko kukata, ni kujua uvimbe upi ukatwe, upi upasuliwe tu maji yatoke, upi uachwe na kisu upewe dawa, na upi usiguswe kabisa mpaka umefika mbele ya mtu anayeujua. Mgonjwa wa Kasingirima, au wa kata nyingine yoyote ya Ujiji, ambaye leo anajipapasa taya na kukuta kitu kigumu ambacho mwaka jana hakikuwapo, anategemea elimu hiyo kuliko makali ya chuma chochote.

Nayo ilikuwa imekwisha kuandikwa kwa Kiarabu zaidi ya miaka mia nane kabla ya Speke kuchokoa sikio lake. Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Qurtuba katika Andalusi, aliyefariki yapata mwaka 1013, alitunga kitabu kikubwa kiitwacho al-Tasrif, chenye sehemu 30, na sehemu ya mwisho akaiweka mahsusi kwa upasuaji, akachora humo vyombo vya kazi yake vipatavyo 200. Kuhusu nyama inayoota katika fizi, alifundisha kwamba ishikwe kwa ndoana au kwa koleo, ikatwe tokea shina lake, damu iachwe itoke, kisha pawekwe unga wa dawa ya kukaza. Na ikirudi, ikatwe mara ya pili na shina lichomwe moto. Kuhusu uvimbe unaoota chini ya ulimi, ambao matabibu wa leo wanaujua kuwa aghalabu ni mate yaliyozibiwa njia, alimwagiza tabibu amfunulie mgonjwa kinywa mbele ya jua na autazame kwanza: ukiwa wa rangi iliyokolea weusi, mgumu, usio na hisia, asiuguse, kwa kuwa huo ni saratani, ukiwa mweupe wenye maji ndani, auvute kwa ndoana, aupasue kwa kisu chembamba, autenge na nyama pande zote mpaka utoke. Katika maagizo hayo machache mna kanuni ambayo sayansi yote iliyokuja baadaye haikuitangua, ila imeiongezea vyombo vya kuithibitisha.

Katika miji ya Waswahili na katika vijiji vya nchi hizi za bara, kazi ya kinywa ilikuwa mikononi mwa mafundi ambao hawakusoma kitabu hicho. Walikuwapo wakata vimeo, ambao mtoto akikohoa bila kukoma au akitapika maziwa walimpakata, wakamkandamiza ulimi, wakakiondoa kimeo kwa kisu kilichopinda. Walikuwapo waumishi, waliovuta damu chafu kwa chuku. Na walikuwapo waliojua kupasua jipu. Sipendi kuwataja watu hao kwa dharau, kwa maana jipu la jino lililoiva likipasuliwa mahali pake, usaha ukatoka, mgonjwa ambaye hakulala siku tatu hulala usiku ule ule, na fundi aliyeweza kutambua kwa kidole kwamba jipu limeiva au bado alikuwa na sehemu ya elimu ile niliyoitaja. Ila elimu yake iliishia penye ngozi na nyama. Uvimbe unaotoka ndani ya mfupa ulimpita, naye alipoukata alikutana na damu asiyoweza kuizuia. Na alipouacha, akaufunga kwa majani yaliyopashwa moto na kuuchanja chale, ulizidi kukua taratibu mwaka baada ya mwaka, bila kuuma, mpaka uso wa mtu ukapoteza sura yake, na jirani wakaanza kunong'ona habari za uchawi.

Hatari ya kukata kisichopasa kukatwa haikuisha pamoja na zama hizo. Katika miaka ya 1980 iliingia Tanzania, kama ilivyoingia nchi jirani, hofu ya kile kilichoitwa meno ya plastiki: mtoto mchanga akipata homa na kuharisha, fizi zake zilitazamwa, na palipoonekana uvimbe mweupe penye chonge pakachimbwa, mara nyingine kwa spoku ya baiskeli iliyonolewa. Uvimbe ule haukuwa maradhi. Ulikuwa ni chonge la utotoni likiwa bado limelala ndani ya ufizi, laini kwa kuwa halijakomaa, na kulichimba kulimletea mtoto kutokwa na damu, pepopunda, na kuharibika kwa jino la ukubwani lililokuwa likijiumba chini yake, ilhali homa yenyewe ilitaka dawa ya malaria na kuharisha kulitaka maji yenye chumvi na sukari. Naona uchungu kila niandikapo jambo hili, kwa sababu wazazi waliowapeleka watoto wao walikuwa wakitafuta uzima.

Tabibu wa kwanza wa mafunzo ya Ulaya kukaa Ujiji na kujulikana na watu wake alikuwa David Livingstone, aliyefika Machi 1869 akiwa mgonjwa, akarejea tena Oktoba 1871 akiwa mgonjwa zaidi, muda mfupi kabla ya mwandishi wa habari Stanley kumkuta. Alikuwa amehitimu utabibu Glasgow mwaka 1840, na katika safari zake za awali alikata uvimbe wa watu wengi. Mmojawapo ni ule wa mwanamke kijana aliyekuwa na uvimbe katikati ya mifupa ya kigasha, na mshipa mdogo ulipokatika damu ikamrukia Livingstone jichoni, mwanamke akamwambia kwamba tangu hapo wamekuwa ndugu wa damu, na kwamba apitapo tena ampe habari ili ampikie chakula. Watu wa mwambao wa Tanganyika, waliojua undugu wa kuchanjiana, wangalimwelewa mwanamke huyo bila mkalimani. Lakini kinywa cha Livingstone mwenyewe, alipofika Ujiji, kilikuwa magofu: alimwandikia binti yake Agnes kwamba meno yamevunjika kwa kutafuna mahindi na vyakula vigumu, nayo yanatoka; na yaliyolegea aliyang'oa mwenyewe kwa uzi imara, kwa kuwa katika nchi yote ile hapakuwa na wa kumng'olea.

Mwaka aliohitimu Livingstone ulikuwa bado katika zama za upasuaji wa macho makavu. Ulaya ilikuwa imeanza kukata vipande vya taya lenye uvimbe tangu mwanzo wa karne ile, na mpasuaji Dupuytren wa Paris alisifiwa kwa kazi hiyo aliyoifanya mwaka 1812. Lakini mgonjwa alikuwa amekaa kitini, macho wazi, akisikia msumeno unavyopita katika mfupa wake, na sifa kuu ya mpasuaji ilikuwa ni wepesi. Mlango ulifunguliwa Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846, na waliohusika wanastahili kukumbukwa na kila mwenye kushughulika na vinywa, kwa kuwa aliyemvutisha mgonjwa mvuke wa etha alikuwa daktari wa meno, William Morton, na uvimbe ambao John Collins Warren aliukata katika hospitali ya Massachusetts General siku ile ulikuwa shingoni, chini ya taya, wa kijana aitwaye Gilbert Abbott. Mwaka uliofuata James Simpson wa Edinburgh akaleta klorofomu. Hii ndiyo nusukaputi ya wazee wetu, na bila yake hakuna taya ambalo lingeweza kufunguliwa kwa utulivu, kupimwa, na kukatwa mahali panapostahiki badala ya mahali panapofikika upesi.

Miongoni mwa matabibu waliokuja bara baada ya ugunduzi huo, mmoja alipata mlango wa urafiki kwa njia ya kisu. Dakta Ebenezer Southon wa misioni ya London alifika Urambo mwaka 1879, katika makao ya mtemi Mirambo aliyeitawala njia ya kwenda Ujiji, naye akamkata mtemi uvimbe wa mkononi, mtemi akapona, na tangu hapo akawa na heshima kubwa kwake. Kilichofuata ni cha kuhuzunisha: mwaka 1882 Southon alipigwa risasi mkononi kwa ajali, mkono ukakatwa na mwenziwe ambaye hakuwa tabibu, na mwezi wa Julai akafariki. Mirambo mwenyewe alifariki Disemba 1884 kwa maradhi ya koo, na pale Urambo hapakuwa tena na Southon.

Kwa upande wa ziwa lenyewe, nadhani mtu anayestahiki kutajwa kwa taadhima kuliko wote ni Adrian Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu, akatekwa utotoni, akauzwa kuvuka jangwa, akakombolewa na Mapadri Weupe huko Algeria, na kwa agizo la Kardinali Lavigerie akapelekwa Malta mwaka 1881 kusomeshwa utabibu pamoja na vijana wengine waliotoka utumwani. Mwaka 1889 alikuwa amekwisha kufika Karema, kusini mwa Ujiji katika mwambao huu huu wa mashariki, akaoa binti wa ukoo wa kitemi wa Wabende, na hapo akabaki akitibu mpaka alipofariki mwaka 1956, akiwa ameona tawala tatu za wageni zikipita: ya Wajerumani, ya Wabelgiji katika miaka ya vita, na ya Waingereza. Miaka 67 ya kazi mahali pamoja ni mfano ambao tarikhi ya utabibu wa Afrika ya Mashariki ina wachache wa kuulinganisha nao. Na sababu ya kumtaja hapa ni kwamba mtu wa vijiji vya ziwani aliyevimba taya katika muda huo wote alikuwa na mahali pa kwenda kwa mtumbwi, akakutana na tabibu aliyeijua lugha yake, jamaa zake na desturi zake.

Wajerumani walishughulika na shingo za watu wa mwambao kuliko vinywa vyao. Malale yalipoenea ziwani mwanzoni mwa karne ya ishirini, na baada ya msafara wa Robert Koch wa mwaka 1906, vijana wenyeji walifundishwa kupapasa shingo za watu kijiji kwa kijiji wakitafuta tezi zilizovimba. Penye tezi pakachomwa sindano, maji yake yakatazamwa kwa hadubini, na aliyekutwa na vijidudu akapelekwa kambini kupewa dawa ya atoxyl, ambayo iliwapofusha baadhi ya waliotibiwa nayo. Jambo hili liliacha hofu ya mkono wa tabibu shingoni. Lakini liliacha pia, kwa mara ya kwanza katika nchi hizi, desturi ya kuchukua sehemu ndogo ya uvimbe na kuitazama kwa hadubini kabla ya kuhukumu.

Reli ya Kati ilifika Kigoma mwanzoni mwa mwaka 1914, na tangu hapo tarikhi ya uvimbe wa taya katika Ujiji ni tarikhi ya safari ya kilomita zipatazo 1,250. Mgonjwa aliyeshindikana Kigoma alipandishwa garimoshi kwenda Dar es Salaam, ambako kulikuwa na hospitali iliyopewa jina la Sewa Haji, tajiri wa Kihindi wa Bagamoyo aliyetoa mali yake kwa ajili hiyo, na baadaye, tangu mwaka 1956, hospitali iliyofunguliwa kwa jina la Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru ikaitwa Muhimbili. Hapo ndipo mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalipoanzishwa mwaka 1979, na nchi ikaanza kuwasomesha wapasuaji wa kinywa na taya katika ardhi yake yenyewe. Mwanza nako Bugando ilifunguliwa mwaka 1971, ikawapunguzia watu wa magharibi sehemu ya mwendo. Katika Kigoma yenyewe ipo Maweni, maili chache kutoka Kasingirima, na uvimbe mwingi wa kinywa haupaswi kwenda mbali zaidi ya hapo, ikiwa umeletwa mapema.

Uvimbe wa namna hiyo, usiotaka safari, aghalabu ni kifuko cha majimaji kinachojijenga ndani ya mfupa. Jino likioza mpaka likafa, mzizi wake unaweza kuzalisha pale chini ngozi nyembamba inayofungamana na kuwa mfuko, nao ukavuta maji polepole na kuusukuma mfupa pande zote. Au jino lisilochomoza likabaki limelala tayani, na mfuko ukajijenga juu ya taji lake. Tabibu humchoma mgonjwa sindano ya ganzi, hungoja mdomo ufe, hukata ufizi na kuuinua kutoka mfupani, na hapo mfupa uliobaki mwembamba juu ya uvimbe hubonyea chini ya kidole na kulia mithili ya ganda la yai. Akitia sindano tupu na kuvuta, hupata maji ya rangi ya majani makavu, na mara nyingi ndani yake chembe ndogo zinazometameta kwenye mwanga, ambazo ni mafuta yaliyoganda. Kisha kwa kijiko kidogo cha chuma, mgongo wake ukielekea mfuko na tumbo lake likielekea mfupa, huutenga mfuko na ukuta wake kidogo kidogo, bila kuuchana, mpaka utoke mzima. Jino lililouzalisha huondolewa au mzizi wake hutibiwa. Ufizi hurudishwa na kushonwa. Na mfuko hutiwa katika chupa ya fomalini kwenda kupimwa, kwa kuwa macho peke yake hudanganyika. Mgonjwa hurudi nyumbani na agizo la kusukutua kwa maji ya uvuguvugu yenye chumvi tangu siku ya pili, na watu wa Ujiji, ambao chumvi ya Uvinza imewafikia tangu kabla ya Burton, hawahitaji kuagiziwa mara mbili. Na kwa siku hizo chache chakula ni uji na mchuzi wa migebuka uliochujwa miba.

Mfuko ukiwa mkubwa hata kuutoa wote kungelivunja taya, kuna njia ambayo Carl Partsch wa Breslau aliieleza mwaka 1892, nayo ni kuufungulia dirisha upande wa kinywa na kuushona ukingo wake na ufizi, ili maji yasikusanyike tena na mfupa upate nafasi ya kujaa wenyewe kwa muda wa miezi. Ni njia ya upole, lakini inataka mgonjwa arudi mara kwa mara kusafishwa na kubadilishiwa kitambaa cha dawa. Yafaa kwa mtu wa Kasingirima au Mwanga, kata za mjini, na ni mzigo mkubwa kwa mtu wa kijiji cha ziwani asiyefikiwa na barabara, anayengoja mashua na hali ya upepo.

Kwa watoto, elimu ya kujua lini kisu kiwekwe kando ilipatikana hapa Afrika ya Mashariki, na dunia nzima iliipokea kutoka kwetu. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, Dakta Hugh Trowell alimwita mpasuaji Denis Burkitt amtazame mtoto wa kiume wa miaka mitano aliyevimba taya zote mbili, ya juu na ya chini, kushoto na kulia. Burkitt, aliyekuwa na jicho moja tangu alipoumia utotoni kwao Ireland, hakuwahi kuona uvimbe ulioshika pande nne kwa pamoja. Na majuma machache baadaye, akiwa Jinja, akamwona mtoto wa kike mwenye uso wa namna ile ile, na tumboni mwake mna uvimbe mwingine. Akarejea katika daftari za hospitali, akakuta kwamba huo ulikuwa ugonjwa mmoja ambao watu walikuwa wakiuita kwa majina mengi kwa kuwa kila tabibu aliona kiungo kimoja tu. Hata Albert Cook, mwasisi wa hospitali ya Mengo, alikuwa ameandika habari za watoto wa namna hiyo miaka mingi nyuma. Mwaka 1958 akautangaza.

Kisha, Oktoba 1961, Burkitt pamoja na madaktari wenziwe Ted Williams na Clifford Nelson waliondoka Kampala katika gari kuukuu la Ford, wakazunguka kwa muda wa wiki 10 na maili 10,000, wakipita Kenya na Tanganyika na kushuka mpaka kusini mwa bara, wakiingia hospitali moja baada ya nyingine na kuwaonyesha matabibu picha za watoto, wakiuliza: mmewahi kuona huyu? Walipokuwa njiani Tanganyika ilipata uhuru wake. Majibu waliyoyatia katika ramani yalionyesha kwamba ugonjwa ule unakaa katika nchi za joto na mvua, haupandi milima mirefu yenye baridi, na mipaka yake inakaribiana na mipaka ya malaria. Mwambao wa Ziwa Tanganyika, ulio mita zipatazo 770 tu juu ya bahari, wenye joto na mbu, umo ndani ya ukanda huo, ilhali nyanda baridi za juu hazimo. Mwaka 1964 Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr, mjini London, wakaona kirusi kwa hadubini ya elektroni katika chembe zilizotoka kwa wagonjwa wa Uganda.

Kwa mgonjwa, faida kubwa ya habari hii ilikuwa tofauti na ramani na kirusi. Burkitt alikuwa mpasuaji, na kama mpasuaji alitambua kwamba kisu chake hakifai kitu: kukata taya za mtoto pande zote nne ni kumharibu bila kumponya, na Uganda haikuwa na mashine ya mionzi. Akajaribu dawa, na baadhi ya watoto wale, baada ya kupewa dozi chache, uvimbe wao uliyeyuka kwa siku chache hata uso ukarudi kama ulivyokuwa, na wengine wakaishi. Mimi naona ujasiri mkubwa katika mpasuaji aliyekubali kuweka kisu chini kwa sababu ushahidi umemwambia hivyo. Mzazi wa Kigoma ambaye mtoto wake meno yanalegea bila kuoza na taya linavimba kwa wiki, si kwa miaka, ampeleke hospitali siku ile ile, kwa kuwa uvimbe huo ni miongoni mwa ule unaokua haraka kupita wote na pia ni miongoni mwa ule unaosikia dawa kupita wote.

Kinyume chake ni uvimbe wa ameloblastoma, unaotokana na chembe zinazounda ngozi ngumu ya jino, nao katika Tanzania ndio unaoonekana mara nyingi kuliko uvimbe wote wa asili ya meno, hasa katika taya la chini la vijana na watu wa makamo. Huu hauna haraka wala maumivu. Mtu huendelea na uvuvi wake au biashara yake ya mawese, akivuta kilemba au shuka shavuni, na kwa kuwa haumzuii kula mwanzoni, miaka hupita. Si saratani kwa maana ya kusambaa mwilini, isipokuwa kwa nadra sana, lakini hula mfupa bila kusimama, na una hila moja iliyowashinda wengi: mizizi yake hupenya ndani ya mfupa kupita pale macho yanapoishia. Akija mtu akaukwangua kama anavyokwangua kifuko cha maji, jeraha hupona vizuri, mgonjwa hushukuru, na baada ya miaka uvimbe huota tena pale pale. Kwa hiyo taya hukatwa kupita mpaka wa uvimbe, sentimita moja au mbili ndani ya mfupa unaoonekana mzima katika picha ya eksirei, hata kama ni kuliondoa nusu yote mpaka kwenye kiungo cha taya karibu na sikio.

Zamani kukata huko kulimwacha mtu hai na kumvunja uso, kidevu kikavutwa upande mmoja, mate yakamtoka, na chakula kikawa cha kunywa maisha yake yote. Na haikuwa ajabu kwamba waliosikia habari hizo walichelewa kwenda. Siku hizi pengo hushikizwa kwa bamba la madini ya titani lililopindwa kufuata umbo la taya na kukazwa kwa skurubu, na baadaye hujazwa kwa kipande cha mfupa wa nyonga ya mgonjwa mwenyewe, na kazi hiyo hufanywa Muhimbili na wapasuaji Watanzania. Saratani zenyewe za kinywa, zile za ulimi na shavu zinazowapata zaidi watu wa tumbaku, ugoro, tambuu na pombe, huongezewa mionzi katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, iliyo katika jengo la hospitali ambayo Wajerumani waliifungua mwaka 1897.

Aliyekatwa ameloblastoma hutakiwa kurudi kutazamwa kila mwaka, kwa kuwa uvimbe huo umepata kurudi hata baada ya miaka 10 na zaidi. Na wengi husahau, si kwa uzembe, bali kwa kuwa uso umepona, mazao yanangoja, na nauli ya kwenda pwani na kurudi ni kubwa. Picha moja ya taya inaweza kupigwa Kigoma, ikatazamwa na daktari wa meno wa mkoa, na ikapelekwa kwa aliyemkata bila mgonjwa kupanda garimoshi. Hilo ndilo ambalo kila mgonjwa wa mwambao huu anayeruhusiwa kutoka hospitali ya Dar es Salaam anapaswa kuliomba kabla ya kuondoka, pamoja na karatasi yenye jina kamili la uvimbe wake na tarehe aliyokatwa, ili mwaka wa kumi utakapofika, tabibu mgeni asiukwangue kwa kudhani ni kifuko cha maji.